USISUGUE SINIA LA BIBI KABLA HUJALISOMA!

Kama kwenu kuna sinia au chungu cha shaba cha zamani kilichotoka India, kigeuze utazame kitakoni. Huenda ukakuta vitone vimegongwa kwa ncha kali, vimepangana kama sisimizi. Wapo wanaodai eti hizo ni hirizi. Na wauza vitu vya kale, wajanja hao, wakimwona mteja kazubaa humwambia ni dua ya miaka mia tano. Bei inapaa hapo hapo!

Mimi hupenda kuyasoma maandishi haya, herufi moja moja, na nakwambia kweli: mara nyingi ni jina la mwenye chombo. Basi. Wahindi wana desturi ya kuandika majina kwenye vyombo, hasa vya harusi. Na wewe ukiazima sufuria kwa jirani siku ya shughuli, si unaitia alama?

Anza kwa kuangalia juu ya herufi. Za Kidevanagari, zinazoandika Kihindi na Kimarathi, huning'inia kwenye mstari kama nguo kambani. Usipouona mstari, huenda ni Kigujarati, na kwa pwani yetu hilo si ajabu, maana wafanyabiashara wengi wa Kihindi waliofika Zanzibar na Mombasa walitoka Kachchh na Gujarat.

Halafu tafuta tarakimu. Hapa ndipo watu wanapoliwa! Moja ya Kidevanagari inafanana na tisa yetu. Tena mwaka wenyewe mara nyingi si huu wetu, ni wa kalenda ya Vikram Samvat, iliyo mbele kwa miaka 57 hivi. Ukiona "sam" halafu 1950, toa 57, unapata 1893. Sasa fikiria mtu anauza sinia la bibi yake kwa bei ya chee akidhani ni la mwaka 1950, kumbe lina zaidi ya karne!

Siyo masinia tu. Mwaka 1689 ngome ya Adoni, kusini mwa India, ilitekwa na jeshi la Aurangzeb, na Maharaja Anup Singh wa Bikaner akaondoka na silaha tele. Makarani wa ghala lake wakazigonga vitone vya Kidevanagari, mambo ya stoo tu. Leo panga na majambia hayo yamo kwenye makumbusho makubwa, na wataalamu huyatambua kwa vitone hivyo hivyo. Maua ya dhahabu yanapendeza, sikatai, lakini karani yule ndiye aliyetuachia habari.

Ndiyo maana nasema weka chini limau na majivu. Vitone havina kina, ukisugua kila sikukuu vinakwisha. Pakaza unga mkavu kidogo, upanguse kwa kitambaa laini, umulike tochi kutoka ubavuni, upige picha. Usishangae maneno yakiwa yamebanana bila nafasi, wala irabu "i" ikitangulia konsonanti yake, ndivyo inavyoandikwa. Ukikwama, mpelekee picha mzee wa Kihindi mtaani. Wengi watakusomea bure, tena watakuuliza umelitoa wapi.