Dona au Sembe: Je, Kila Wepesi ni Faida?

Wazee wetu wanakumbuka mlio wa kinu alfajiri. Akina mama walitwanga, wakapeta, wakasaga juu ya jiwe, ndipo watoto wapate uji. Mashine ilipofika kijijini, mzigo huo ulipungua. Hatusemi turudi kwenye kinu, la hasha! Lakini pamoja na mashine ya kusaga ilikuja mashine ya kukoboa, na hapo hatuna budi kujiuliza tumepata nini na tumepoteza nini.

Punje ya hindi ina ganda la nje, kiini na wanga. Ganda lina nyuzinyuzi zinazosaidia kupata choo vizuri. Kiini kina mafuta, protini, madini ya chuma na vitamini za kundi B. Mashine ya kukoboa huondoa ganda na sehemu kubwa ya kiini. Tunabaki na sembe: nyeupe, laini, isiyoharibika upesi, lakini karibu yote ni wanga. Pumba tunawapa kuku na nguruwe, nao wananenepa.

Madhara ya kukoboa nafaka yalijulikana kwanza kwenye mchele. Kisiwani Java, Indonesia, katika miaka ya 1890, daktari Mholanzi Christiaan Eijkman alichunguza beriberi, ugonjwa unaolegeza miguu na kudhoofisha moyo. Aliona kuwa kuku waliolishwa mchele uliokobolewa walilegea miguu. Walipolishwa usiokobolewa, walipona. Baadaye ilifahamika kwamba walikosa vitamini B1. Mwaka 1929 alipewa Tuzo ya Nobel.

Kwetu sisi, mtu mzima anayekula maharage, mboga na samaki hufidia upungufu wa sembe. Anayeumia ni mtoto aliyeachishwa ziwa, anayepewa uji mtupu asubuhi na ugali kwa mchuzi mwepesi jioni. Anashiba, lakini hakui ipasavyo. Viwanda vikubwa nchini Tanzania hutakiwa kuongeza virutubisho katika unga, lakini mashine nyingi za mtaani haziongezi kitu.

Basi tufanye nini?

1. Tusage bila kukoboa. Tusage kidogo kidogo, kwa maana mafuta ya kiini huufanya unga wa dona uwe mchungu ukikaa sana.

2. Tuchague mahindi makavu na safi, na yenye ukungu tuyatupe. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kukoboa hupunguza sumu hiyo kwa kiasi fulani, hivyo mahindi ya dona yahitaji uangalifu zaidi.

3. Palipo na sembe, uji wa mtoto utiwe karanga zilizosagwa au maziwa, na ugali wake uwe na maharage, mchicha au dagaa.

Wengi wetu huona haya kumwandalia mgeni ugali wa dona, tukidhani ni chakula cha bweni au cha maskini. Haya hiyo tuiache. Mashine na ituondolee kazi ya kutwanga. Lishe ya watoto wetu ibaki ndani ya unga.