MWALIMU WA HESABU ASIWE MPITA NJIA UPARENI

Twasema kila siku ya kuwa taifa hili litajengwa kwa sayansi. Maneno hayo ni ya kweli. Lakini katika mtihani wa Kidato cha Nne wa mwaka 2022, katika kila watahiniwa watano waliofanya Hisabati, ni kama mmoja tu aliyefaulu. Taifa litakalo kujitegemea haliwezi kuridhika na hesabu hiyo.

Wako wanenao kuwa watoto wetu hawana akili ya hesabu. Twakataa. Katika Milima ya Upare wazee walijenga ndiva, wakayakusanya maji ya vijito, kisha wakayagawa mashambani kwa zamu na kwa kipimo. Wajukuu wa watu hao hawakupungukiwa akili, wamepungukiwa mwalimu.

Haikosi kwamba juhudi zimefanyika. Mwaka 2012 Rais Kikwete aliagiza shule za sekondari za kata zijengewe maabara, na wananchi wakachanga fedha na nguvu zao. Mwaka 2014 Chuo Kikuu cha Dodoma kilianza stashahada maalum ya walimu wa sayansi na hisabati. Mei 2016 wanafunzi wake zaidi ya 7,000 wakarudishwa nyumbani, na baadaye wengi wao wakapelekwa katika vyuo vya ualimu. Mwaka huo huo wa 2016 ada ilifutwa hadi Kidato cha Nne, madarasa yakajaa. Funzo ni hili: jengo husimama kwa msimu mmoja, lakini mwalimu hapatikani kwa haraka, na akipatikana hana budi kutunzwa.

Hapo ndipo penye kasoro. Mji wa Same uko tambarare, kando ya barabara kuu. Shule nyingi ziko juu, pande za Chome, Mamba na Mtii. Kijana wa Fizikia apangiwaye huko hupanda mlima na begi lake, akatafuta chumba cha kupanga mbali na shule. Masika barabara huwa utelezi mtupu. Fedha za kujikimu zikichelewa, hukopa dukani. Mwishowe huandika barua ya uhamisho, na darasa likabaki katikati ya somo. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi twampa jembe siku ya kwanza, na nyumba hatumpi kamwe.

Basi, ndugu wanachama na wafanyakazi, Wapare wanao msaragambo, kazi ya pamoja iliyozibua mifereji na kujenga madarasa. Na uitwe tena, safari hii kwa nyumba ya mwalimu, karibu na shule, yenye maji na taa. Halmashauri nayo imlipe haki yake siku aripotipo, wala isingoje alalamike. Viongozi wa matawi wamheshimu, wasimgeuze karani wa kila mkutano. Na vijana wa Upare waliofaulu sayansi wakumbuke ni milima gani iliyowalea.

Mwalimu Nyerere aliacha kazi ya kufundisha mwaka 1955, lakini jina la Mwalimu hakuliacha mpaka kufa. Chama kinachojivunia jina hilo hakina udhuru wa kumwacha mwalimu mwenziwe alale chumba kivujacho.