Nyongeza Iliyomo Ndani ya Fungu

Bibi yangu mzaa mama aliuza mihogo ya kuchemsha kwenye stesheni ya Mzenga, kwenye reli ya TAZARA. Kutoka kwetu Vihingo tulikuwa tunaondoka alfajiri, yeye mbele na beseni kichwani, mimi nyuma na ungo. Tukifika alitandika kiroba akapanga mafungu: vipande vitatu vinene chini, kimoja juu kilichopasuka vizuri, cheupe kama pamba. Kwenye ungo alibakiza vipande vidogo vidogo. Abiria aliyelipa akisema, "Bibi, niongezee basi," aliokotewa kimoja. Asiyesema kitu alipewa fungu lake na shukrani, treni ikaondoka naye.

Siku moja nilimwuliza kama hapati hasara kwa kuongezaongeza. Akanijibu huku anafunika beseni: "Mjukuu wangu, nyongeza nilishaihesabu kwenye bei. Asiyeidai ananiachia chakula changu cha jioni."

Leo nauza mapazia Kariakoo. Vitambaa navifuata mwenyewe Guangzhou, kwenye soko la Zhongda, na kwa miaka sita nilipanda ndege mara mbili kwa mwaka bila kudai chochote zaidi ya kiti changu na mabegi yangu. Miaka sita mizima nilikuwa naacha chakula cha jioni cha mtu mwingine. Ndiyo maana naandika habari hii, kwa wafanyabiashara wenzangu kwanza, na kwa kila mwenye ndugu Muscat, Dubai au Ulaya anayekuja nyumbani na kurudi.

Maili ni ile nyongeza. Shirika la ndege linakuandikia maili kila unaposafiri nalo, zinakusanyika kwenye akaunti yenye jina lako, zikifika kiasi fulani unazibadilisha kwa tiketi, kwa kupandishwa daraja, au kwa kilo za mzigo. Mpango ulioenea dunia nzima ulianzishwa na American Airlines tarehe 1 Mei 1981, ukaitwa AAdvantage. Miaka mitatu kabla, Marekani ilikuwa imeacha kuyapangia mashirika nauli na njia, kila shirika likawa huru kumvuta mteja kwa bei. Nauli zilipokaribiana, likabaki swali la kumfanya mteja arudi. Siku chache baadaye United nao wakatoa mpango wao. Kwetu huku majina yake ni ShebaMiles ya Ethiopian, Asante Rewards ya Kenya Airways, Dream Miles ya RwandAir, Skywards ya Emirates, Sindbad ya Oman Air, Privilege Club ya Qatar, Miles&Smiles ya Turkish. KLM na Air France wanayo Flying Blue, ambayo zamani ndiyo iliyotumiwa na Kenya Airways pia. Kujiunga ni bure kote huko.

Anayedhani hivi ni vipoozeo vya kufurahisha abiria aangalie kilichotokea wakati wa korona. Ndege zilipolala viwanjani mwaka 2020, United waliweka rehani mpango wao wa maili wakapata dola bilioni 6.8. Delta nao kwa njia hiyo hiyo wakapata dola bilioni 9. Benki haikopeshi mabilioni kwa dhamana ya zawadi ndogo. Maili ni mali, na sehemu ya mali hiyo imetoka kwenye nauli yako na yangu.

Sasa hesabu yenyewe, maana hapo ndipo wengi tunapopotea. Njia ya zamani ni umbali. Kutoka Dar es Salaam hadi Addis Ababa ni takriban maili 1,100, na kutoka hapo hadi Guangzhou ni takriban 5,000. Kwenda na kurudi ni kama maili 12,200. Lakini usidhani utaandikiwa zote. Kila tiketi ina herufi ya daraja la nauli, herufi moja tu iliyochapwa kwenye tiketi na mara nyingi hata kwenye pasi ya kupandia ndege, na herufi hiyo ndiyo inayosema utapewa asilimia ngapi. Watu wawili wamekaa kiti na kiti, wamekula chakula kilekile, mmoja anaandikiwa maili 12,200 na mwenzake 3,000 kwa sababu tiketi yake ilikuwa ya bei ya chini na inapewa robo. Kuna nauli zisizopewa kitu kabisa. Kwa hiyo tofauti ya nauli ikiwa dola ishirini au thelathini, mimi siku hizi naiuliza herufi kabla sijauliza kitu kingine.

Njia ya pili ni kuhesabu fedha badala ya umbali. Flying Blue walihamia huko Aprili 2018: wakati huo mwanachama wa ngazi ya kwanza alipata maili 4 kwa kila euro, na aliye ngazi ya juu kabisa alipata 8. Kodi za serikali na ada za viwanja hazimo kwenye hesabu hiyo. Mfumo huu unampendelea anayelipa nauli kubwa, kwa kawaida ambaye nauli yake inalipwa na ofisi. Sisi tunaotafuta tiketi ya bei poa kwa jasho letu, umbali ulitufaa zaidi. Nasema hivyo waziwazi kwa sababu sikupenda mabadiliko hayo.

Jambo moja limenisaidia kuliko yote: huhitaji akaunti kwa kila shirika. Mashirika yamejifunga kwenye miungano mitatu. Star Alliance ni ya tangu 1997, na Ethiopian wameingia Desemba 2011. Humo yumo Turkish pia. Oneworld ilianza 1999, na Qatar wakajiunga 2013. SkyTeam ni ya mwaka 2000, nayo ina Kenya Airways, KLM na Air France. Ukiruka na Turkish kwenda Istanbul unaweza kutoa namba yako ya Ethiopian, maili zikaingia kapu moja. Mwenye makapu sita yenye vipande viwiliviwili hana mboga ya kupika. Mwenye moja lililojaa anapika.

Niliyajua haya kwa uchungu. Mwaka wa saba nilikaa na simu yangu nikajaribu kujisajili kwenye mpango wa shirika nililokuwa nalitumia. Likanijibu kwamba jina langu na tarehe yangu ya kuzaliwa tayari vimo. Nikadhani kuna mwenye jina kama langu. Nikaenda ofisini kwao na pasipoti, dada wa mapokezi akafungua kompyuta akanigeuzia kioo nione. Akaunti ilikuwa yangu kweli, namba ya pasipoti ni yangu, safari zote zimo kwa tarehe zake. Barua pepe ndiyo haikuwa yangu. Ilikuwa ya wakala aliyekuwa ananikatia tiketi, mtu niliyemwamini hadi kumwachia nakala za pasipoti ya familia nzima. Alinifungulia akaunti bila kuniambia, akaacha maili zijae, akazitolea tiketi mbili za watu nisiowajua. Nilikuta zimebaki 2,140. Nilipompigia alisema, "Mama, hukuwahi kuziulizia." Neno hilo limeniuma mpaka leo, kwa kuwa ni kweli sikuwahi.

Tangu siku ile namba nimeikariri kama ninavyokariri namba ya simu yangu, na natumia barua pepe yangu mwenyewe na nywila ninayoijua mimi peke yangu. Nikipokea tiketi naangalia kwanza kama namba imo na kama jina limeandikwa sawasawa na pasipoti. Ukiwa Mwanahamisi kwenye pasipoti na Mwanaamisi kwenye akaunti, maili zinaweza kugoma kuingia. Pasi za kupandia ndege sizitupi. Nimeziweka kwenye kopo la biskuti, juu ya kabati, kila moja hadi nione safari yake imeingia kwenye akaunti. Isipoingia, unadai. Mashirika mengi yanatoa muda wa miezi sita tangu siku ya safari, na pasi pamoja na namba ya tiketi ndio ushahidi wako.

Maili nazo huoza. Za Skywards zinakwisha mwaka wa tatu tangu uzipate, mwishoni mwa mwezi wako wa kuzaliwa. Za ShebaMiles nazo zina miaka mitatu. Mtoto wa dada yangu anafanya kazi za ndani Muscat na anarudi mara moja kila miaka miwili. Nilimwambia ukweli: kwa safari chache kama hizo, peke yake hatafika popote, asichague tiketi ya ghali kwa ajili ya maili. Lakini yapo mashirika yanayoruhusu kapu la familia. Emirates wanaruhusu mkuu wa familia na wengine hadi wanane kuchangia pamoja. Walioko ng'ambo wakiwa wanne au watano wa ukoo mmoja, hapo maneno yanabadilika.

Kuhusu ofa za ziada, nazigawa mafungu mawili. Fungu la kwanza ni za kuruka: maili mara mbili kwa njia fulani, kwa miezi fulani. Hizi zichukue, ila nyingi zinataka ujiandikishe kabla ya kuruka. Ukiruka leo ukajiandikisha kesho, umekosa. Soma pia kama tarehe zinazotajwa ni za kukata tiketi au za kusafiri.

Watu makini wamefanya maajabu kwa kusoma masharti. Mwaka 1999 mhandisi mmoja wa California, David Phillips, aliona kampuni ya vyakula inatoa maili kwa kila vibandiko kumi vya bidhaa zake, na anayewahi anapewa mara mbili. Akatafuta bidhaa yao ya bei ndogo kuliko zote, akapata vikopo vya pudini. Akanunua zaidi ya 12,000 kwa dola 3,000 na kitu, akapata maili zaidi ya milioni moja. Pudini yenyewe akaigawa kwa shirika la misaada lililomsaidia kubandua vibandiko. Mwishoni mwa 2024 shirika la ndege la SAS, walipokuwa wameingia SkyTeam, waliahidi pointi milioni moja kwa mwanachama atakayeruka na mashirika 15 ya muungano huo kabla ya mwaka kuisha. Wapo waliozunguka dunia wakazipata.

Fungu la pili ni ofa za kununua maili kwa fedha: nunua leo, tukuongezee nusu. Hapa chukua kalamu. Tuseme tiketi unayoitaka inauzwa dola 420, au maili 30,000 pamoja na kodi ya dola 120. Maili hizo zinakuokolea dola 300, yaani kila moja ina thamani ya senti moja. Ofa inakuuzia 30,000 kwa dola 600, na nyongeza ya 15,000. Umepata 45,000 kwa senti moja na theluthi kila moja. Umenunua kwa bei kubwa kuliko thamani yake, pamoja na nyongeza. Nanunua pale tu ninapopungukiwa na chache kufikia tiketi ninayoijua, na kiti nimekwisha kukiona kipo. Na maili zako usimuuzie mtu. Masharti ya mashirika yanakataza, na akaunti hufungwa na kila kilichomo.

Kwa mfanyabiashara, tunu kubwa kuliko tiketi ya bure ni ngazi. Anayeruka sana ndani ya mwaka mmoja hupanda ngazi, na aliyefika ngazi ya dhahabu ya Star Alliance anaongezewa kilo 20, au begi moja zaidi pale wanapohesabu mabegi. Pazia ni zito. Begi la ziada Guangzhou linalipiwa fedha ambayo ingenunua robota zima la kitambaa cha bitana. Begi hilo likienda bure mara mbili kwa mwaka, kodi ya fremu Kariakoo inapata pa kuegemea.

Tiketi ya bure nimeitumia moja. Nilimpeleka mama umra. Nililipa kodi na ada tu, kwani hizo haziepukiki, na viza na malazi vilinigharimu kama kawaida. Tulitoka Vihingo kwa pikipiki mbili hadi Mlandizi, tukashika gari la Dar, jioni tukawa jengo la tatu la uwanja wa Julius Nyerere. Mama hakuwa amepanda ndege maishani mwake. Dada wa kaunta alipompa pasi yake, mama aliishika kwa mikono miwili, akaniuliza amlipe nani. Nikamwambia imelipwa na mapazia.

Iddi iliyopita nilikuwa nyumbani. Wanawake wanne waliowahi kusafiri walinifuata na pasipoti zao, tukakaa chini ya mwembe karibu na shule, ambapo mtandao unashika. Watatu niliwasajili tukamaliza. Wa nne, mama wa jirani yangu, ambaye mwanawe alimwita Oman kumlea mjukuu, alifungua kibindo akatoa pasi iliyokunjwa mara nne, wino umeanza kufifia. Tukaisogeza kwenye mwanga. Tarehe ilikuwa ya miezi mitano na siku kumi na tisa nyuma. Nikaipiga picha ile pasi, na kabla ya adhana ya magharibi dai lake lilikuwa limeshakwenda.