Chanda Chema na Pete Iliyokawia

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa, na kwamba chanda chema huvikwa pete. Mwezi wa Juni mwaka 2025, katika jumba la kifalme la Buckingham, Mfalme Charles wa Uingereza alimtunukia cheo cha "Sir" mzee Billy Boston, aliyekuwa na umri wa miaka 90. Huyu alikuwa mchezaji wa raga ya kulipwa, ile ya wachezaji 13 kila upande, na ndiye mchezaji wa kwanza wa raga hiyo kupewa cheo hicho tangu ilipoanzishwa mwaka 1895. Tunaungana na wote waliofurahi. Hata hivyo, furaha haituzuii kuuliza: ikiwa chanda kilionekana kuwa chema tangu miaka ya 1950, pete ilikuwa wapi siku zote hizo?

Ili jambo hili lieleweke, hatuna budi kuanza na asili ya mchezo wenyewe. Raga hiyo ilizaliwa kutokana na mgogoro wa ujira. Wachezaji wengi wa kaskazini ya Uingereza walikuwa wafanyakazi wa migodi na viwanda, na siku za kazi zilikuwa pamoja na Jumamosi. Aliyekwenda uwanjani alikatwa mshahara. Vilabu vyao viliomba ruhusa ya kuwafidia. Wakuu wa mchezo, watu wenye nafasi na mali, wakakataa. Tarehe 29 Agosti 1895 vilabu hivyo vilikutana katika hoteli moja mjini Huddersfield, vikajitenga. Tangu hapo, hadi raga ya wachezaji 15 nayo ilipokubali malipo mwaka 1995, mchezaji aliyevuka kwenda upande wa kulipwa alihesabiwa muasi, na mlango wa nyuma ukafungwa.

Mlango huo ndio aliouvuka kijana Boston. Alizaliwa mwaka 1934 katika mtaa wa Tiger Bay, kando ya bandari ya Cardiff, nchini Wales. Hapo waliishi mabaharia waliotoka pembe nyingi za dunia, wakiwamo Wasomali, Wayemeni na watu wa Afrika ya Magharibi. Baba yake alitoka Sierra Leone. Mama yake alikuwa wa asili ya Ireland. Nyumba ilikuwa na watoto 11. Ndoto ya kijana ilikuwa kuichezea Cardiff, kisha Wales. Lakini wito wa klabu ya kwao haukuja, na timu ya taifa ya Wales ya wachezaji 15 haikupata kumchagua mchezaji mweusi hata mmoja hadi miaka ya 1980.

Mwaka 1953 wakaja wajumbe wa klabu ya Wigan. Inasimuliwa kwamba waliweka mezani pauni 1,000, noti juu ya noti. Mama, akitaka waondoke zao, akasema mwanawe hatoki kwa chini ya pauni 3,000. Wajumbe wakakubali papo hapo, na neno la mama likawa limekwisha toka kinywani. Hivyo kijana wa miaka 18 akaihama ndoto yake kwa sahihi moja ya kalamu.

Yaliyofuata yanahesabika kwa tarakimu, nazo hazina upendeleo. Baada ya michezo sita tu katika kikosi cha kwanza cha Wigan, aliteuliwa kwenda na timu ya Uingereza katika ziara ya Australia na New Zealand mwaka 1954, akiwa mchezaji mweusi wa kwanza kufanya hivyo. Huko alifunga trai 36. Kwa Wigan alicheza mara 488 akafunga trai 478, yaani karibu moja kwa kila mchezo. Mara mbili alifunga trai saba katika mchezo mmoja. Alitwaa Kombe la Challenge mwaka 1958, 1959 na 1965. Alipotundika viatu mwaka 1970 alikuwa na jumla ya trai 571, akitanguliwa na Mwaustralia Brian Bevan peke yake. Alikuwa mzito wa mwili na mwepesi wa miguu. Mlinzi aliyemsubiri pembeni mwa uwanja hakujua kama angezungukwa au angepitiwa juu.

Lakini tarakimu hazisemi yote. Mwaka 1957, baada ya mashindano ya Kombe la Dunia nchini Australia, timu ya Uingereza ilikwenda kucheza michezo ya maonyesho Afrika ya Kusini. Sheria za Makaburu hazikumpa mtu mweusi nafasi ya kucheza pamoja na weupe. Wenzake wakaenda; Boston akarejea nyumbani peke yake. Tunasema wazi: aibu ya safari ile haikuwa ya Makaburu pekee. Ilikuwa pia ya viongozi waliokubali mwaliko uliomwacha nje mchezaji wao, na kuuona kuwa ni jambo la kawaida.

Wala hakuwa peke yake. Clive Sullivan, mwana mwingine wa Cardiff, naye alihamia kaskazini. Mwaka 1972 aliiongoza Uingereza kutwaa Kombe la Dunia mjini Lyon, Ufaransa, akiwa nahodha. Alifariki kwa saratani mwaka 1985, akiwa na miaka 42. Mji wa Hull, ambako alivichezea vilabu vyote viwili vikubwa, uliipa barabara yake kuu jina lake. Mji wa Cardiff ulimsimamishia sanamu, pamoja na Boston na Gus Risman, mwaka 2023.

Watakuwapo watakaosema kwamba Boston hakudhulumiwa: alilipwa, alishangiliwa, na Wigan ilimsimamishia sanamu yake mwaka 2016. Ni kweli, na Wigan inastahili sifa. Lakini ujira ni haki ya mtu aliyefanya kazi; hauwezi kuhesabiwa kuwa ndiyo heshima yake. Tena, kuchelewa kwa heshima kuna gharama. Cheo hiki kimemfikia mzee ambaye kwa miaka kadhaa alikuwa akiugua maradhi ya kupoteza kumbukumbu. Watu walikumbuka wakati ambapo yeye alikuwa akisahau.

Kwa maoni yetu, mafunzo ni mawili. La kwanza, mchezo unaomdharau mchezaji kwa sababu anahitaji mshahara humdharau maskini, hata ukijipamba kwa maneno ya uungwana. La pili, taifa lenye deni la heshima lilipe mapema, mdai angali na masikio ya kusikia makofi. Mcheza kwao hutunzwa, ndiyo; lakini Boston alitunzwa kwanza na wageni, na kwao wakafuata nyuma. Wenye mamlaka ya kutunza, kila mahali, na watazame leo ni nani anayecheza mbele yao.