Pembe ya Baruti: Ipi Yafaa Kuandamana na Gobori la Zamani?

Mtu wa pwani akisikia neno Manga, fikira zake zavuka bahari hadi Arabuni. Huko ndiko walikotoka Wamanga, na huko ndiko tulikopata majina kama pilipili manga na komamanga. Lakini Kenya ina Manga yake, mbali na bahari: genge refu la milima baina ya Kisii na Nyamira, nchi ya Abagusii, watu wa kilimo na ng'ombe. Kuna kitu kimoja kidogo ambacho pwani na bara zilikutana ndani yake, nacho ni pembe ya baruti. Bunduki na baruti ziliteremshwa bandarini kwetu; pembe ilitoka kichwani mwa ng'ombe.

Siku hizi gobori la babu hutundikwa ukutani, au hutolewa siku ya maonyesho ya utamaduni, na mwenyewe hutafuta pembe ya kuliandamanisha nalo. Wengi huchukua yoyote iliyo nzuri machoni. Pembe isiyo yake huwafunza watoto historia ya uongo, na nyingine huweza kumfikisha mtu mahakamani. Basi yafaa kuichagua kwa kuangalia mambo manne.

La kwanza ni kazi yake. Baruti nyeusi ina maadui wawili, unyevu na cheche. Pembe ya ng'ombe haipitishi maji, ni nyepesi, na haitoi cheche ikigongwa. Huchemshwa mpaka mfupa wa ndani utoke, kisha huparwa. Upande mpana huzibwa kwa kipande cha mti kilichokazwa sawasawa, na ncha hutobolewa tundu dogo lenye kizibo. Ikiparwa ikawa nyembamba, ukiiinua kwenye mwanga waona baruti imebaki kiasi gani. Kwa hivyo tazama tundu na kizibo. Pembe isiyotobolewa, au ambayo kizibo chake hakizibi, ni pambo tu. Na kama ina vyuma, shaba ni bora, kwani chuma kikigongwa huweza kutoa cheche.

La pili ni aina ya bunduki. Tazama mtambo. Bunduki ya gumegume hupiga jiwe kwenye chuma, cheche zikaangukia kifa chenye baruti kidogo, moto ukapenya ndani ya kasiba. Bunduki ya aina hii yataka baruti mahali pawili. Ndiyo maana wenyewe mara nyingi walichukua pembe mbili: kubwa ya kushamiria na ndogo ya baruti laini ya kifani. Bunduki ya fataki haina haja ya pembe ndogo. Yataka pembe moja na kibeti cha fataki. Ukiona gobori la fataki limetundikwa na pembe mbili, jua aliyepanga hakutazama mtambo. Kinachosahauliwa zaidi ni kipimo, kikombe kidogo cha pembe au mwanzi. Mjuzi hakumimina baruti kasibani moja kwa moja kutoka kwenye pembe, kwani kaa lililobaki ndani lingeweza kuilipua pembe nzima mkononi mwake.

La tatu ni wakati na mahali. Vitabu vya Ulaya vyasema gumegume ilianza kuachwa miaka ya 1830 na 1840, fataki ilipoenea. Ukifuata hesabu hiyo huku kwetu utapotea. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulipiga marufuku kuingiza Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini hadi nyuzi 22 kusini, bunduki zenye mifuo ndani ya kasiba na zile za kujazwa kwa nyuma. Zilizoachiwa mlango, kwa ruhusa ya serikali, ni gumegume zisizo na mifuo pamoja na baruti ya kawaida. Hivyo gumegume ya pwani yaweza kuwa ya miaka ya 1890, wakati Ulaya ilikuwa imekwisha kuwa kitu cha makumbusho. Pembe yake basi iwe ya kazi: ya ng'ombe, yenye ukanda wa ngozi, isiyo na makuu. Pembe zilizochorwa ramani na majina ya askari, zinazouzwa sana mitandaoni, asili yake ni vita vya Marekani vya karne ya 18. Ni nzuri, lakini si zetu.

Na Manga je? Njia kuu ya misafara kutoka Mombasa ilielekea Mumias, kwa Nabongo Mumia, si milima ya Abagusii. Silaha ya Abagusii ilikuwa mkuki na ngao. Januari 1908, Otenyo alipomshambulia ofisa wa Kiingereza, Northcote, alimchoma kwa mkuki. Upande wa pili ulikuwa na bunduki za kisasa za kujazwa kwa nyuma, ambazo hazina haja ya pembe ya baruti. Kwa hivyo anayeandaa maonyesho ya mashujaa kule Manga akimvika Otenyo gobori na pembe ya baruti, amempa silaha isiyokuwa yake na amepunguza ushujaa wake. Kule, mkuki watosha.

La nne ni sheria. Chagua pembe ya ng'ombe tu. Pembe ya nyati, tandala au choroa ni nyara ya serikali, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 yakataza kuwa nayo bila kibali. Kusema ilikuwa ya babu hakutoshi. Kifaru na pembe za ndovu ndiyo usiguse kabisa. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 nayo yahesabu kitu kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895 kuwa kitu cha kale, na kukitoa nje ya nchi kwataka kibali. Mgeni akikuwekea pesa mezani kwa pembe ya nyumba yenu, kumbuka hilo kabla ya kuipokea. Gobori lenyewe lisikudanganye kwa uzee wake: uliza polisi kuhusu kibali kabla ya kulinunua au kulihamisha.

Limebaki onyo moja, nalo ni la roho za watu. Baruti nyeusi ikikaa pakavu haifi. Pembe kuukuu iliyozibwa tangu enzi za mababu yaweza kuwa na baruti hai, na kasiba yaweza kuwa imeshamiriwa. Usiizibue karibu na jiko wala sigara, usiichokonoe kwa chuma, wala usiwape watoto waichezee. Iache ilipo, kisha ita polisi waikague.

Ikisha kuwa salama, andika karatasi ndogo uiweke kando yake: ilikuwa ya nani, ilitoka wapi, ilitumika na bunduki gani. Wazee wanaojua hayo wako hai leo, waulizeni.