Bastola ya babu ndani ya sanduku: ina bei gani?

Wiki hii tunazungumza juu ya kitu ambacho wengi wetu hatupendi kukitaja kwa sauti. Mzee amefariki, matanga yamekwisha, watoto wanafungua sanduku lake. Chini ya suti ya arusi na vitambulisho vya wakati wa Zaïre kuna bastola ya zamani, imefungwa katika kitambaa. Maswali mawili yanakuja papo hapo. Hii ni nini? Itatuletea pesa ngapi?

Kwanza, mikono mbali, na watoto watoke chumbani. Anayesema “ni ya zamani, imekufa” hajui chuma. Hata magazini ikitolewa, risasi moja inaweza kuwa imebaki ndani ya mtutu miaka yote hiyo. Msiipanguse, msiipake mafuta, msijaribu kufyatua.

Kwa macho tu unaweza kujua mengi. Wabelgiji walikuja na silaha za kwao, na kwao kiwanda kikubwa kilikuwa Fabrique Nationale, yaani FN, kilichoanzishwa 1889 huko Herstal karibu na Liège. Kilitengeneza bastola za Mmarekani John Browning, ambaye alifia hukohuko kiwandani mwaka 1926. Ubavuni, kwenye chuma cha juu, utasoma jina la kiwanda na neno Browning. Kwenye mpini utaona herufi FN zimefungamana. Tafuta pia alama ndogo kama yai, yenye herufi ELG na taji juu yake. Huo ni muhuri wa nyumba ya majaribio ya Liège, ambako silaha zilipigwa kwanza kabla ya kuuzwa. Ile ndogo ya mfukoni mara nyingi ni aina ya 1910. Ile nene, ya 1935, inayobeba risasi 13, ilitengenezwa kwa ajili ya askari.

Ilifikaje kwa babu? Hapa ndipo familia inapaswa kuuliza wazee wake. Kivu ilikuwa na wazungu wa kahawa na wa pareto. Wengi waliondoka baada ya 1960, wengine Mobutu alipotaifisha mali za wageni mwaka 1973, na mara nyingi nyumba ilibaki mikononi mwa mpishi au mlinzi. Wengine walikuwa na baba katika Force Publique. Na tuseme ukweli: vita vya kwetu vimeacha silaha nyingi mpya kuliko hizo, kwa hiyo si kila bastola iliyo sandukuni ni ya mkoloni.

Sasa bei. FN ilitengeneza bastola hizi kwa mamia ya maelfu, kwa hiyo umri peke yake hauzifanyi kuwa adimu. Kinachozipandisha ni historia inayoweza kuthibitishwa. Bastola iliyomuua mrithi wa kiti cha ufalme wa Austria huko Sarajevo mwaka 1914 ilikuwa FN ya aina ya 1910, sawasawa na nyingine zote. Leo iko katika jumba la makumbusho ya kijeshi Vienna, kwa sababu inajulikana ilimpiga nani. Ulaya wako watu wanaokusanya silaha za zamani na kuzilipia, lakini wao wana vibali na wauzaji wanaotambuliwa na serikali. Mjane wa Mugunga hana njia halali ya kufika kwao.

Bei ya hapa mjini sitaiandika. Mtu anayekuja usiku na dola mkononi hanunui historia ya babu yako. Ananunua kitu cha kumwelekezea mama mwingine barabarani, labda kesho kutwa.

Sheria ya silaha ya nchi yetu, ya tarehe 3 Septemba 1985, inataka kibali, na kibali ni cha mtu, si cha nyumba. Hata kama mzee alikuwa nacho, hakikuhusu wewe wala mtoto wako wa kwanza. Siku ya msako, hakuna atakayekuuliza kama ni urithi.

Msumbiji walijaribu njia nyingine. Tangu 1995, baraza la makanisa huko lilipokea silaha na kuwapa watu majembe, baiskeli na cherehani. Katanga nako kuna waliopewa baiskeli. Kwa maoni yangu, cherehani ndiyo bei nzuri kuliko zote nilizosikia.

Kwa hiyo ukiikuta, usiipige picha na kuitupa WhatsApp. Kikundi cha familia kina watu wengi kuliko unavyodhani. Usiitie kwenye kikapu ukapita nayo barabara ya Sake. Iache pale ilipo, funga chumba, nakili kwenye karatasi herufi na namba unazoziona. Kisha nenda mikono mitupu kwa avoka au kwa padri ama mchungaji unayemwamini, naye akusindikize kwa wenye mamlaka ya kupokea silaha, ili wao ndio waje kuichukua.

Mfuko wake mtupu wa ngozi, barua na picha za babu vibaki kwenu. Na wanapoondoka na bastola, omba karatasi yenye tarehe, saini na namba ileile uliyonakili. Namba hiyo ikikutwa siku moja mahali pa uhalifu, karatasi itaonyesha ilitoka nyumbani kwako lini.