Kamera katika ziara ya darasa: Anachopaswa kujua mwanafunzi mpigapicha

MWANAFUNZI wa Mtopanga anayekabidhiwa kamera siku ya ziara ya darasa huwa amepewa jukumu zito kuliko linavyoonekana. Wenzake wataangalia wanyama, watakula na kurejea nyumbani. Yeye ndiye atakayeamua ni kipi kitakachokumbukwa baada ya miaka kumi, na ni sura ya nani itakayosambaa mtandaoni bila mwenyewe wala mzazi wake kuulizwa.

Kazi hiyo huanza kabla ya basi kuondoka. Kwa shule za wadi ya Mtopanga na sehemu nyingine za Kisauni, mojawapo ya ziara zilizo karibu ni ile ya Haller Park huko Bamburi, kando ya barabara kuu ya Mombasa kuelekea Malindi. Pahali hapo palikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji. Mnamo 1971 mtaalamu kutoka Uswisi, René Haller, alianza kupanda miti katika ardhi iliyokuwa imebakia jiwe tupu la matumbawe. Kati ya aina 26 za miti zilizojaribiwa, ni tatu tu zilizostahimili, mvinje na mnazi zikiwa miongoni mwazo. Na kwa kuwa majani ya mvinje hayaozi upesi, jongoo waliletwa wayatafune na kuyageuza kuwa udongo.

Asiyeijua historia hiyo atarudi na picha hamsini za twiga. Anayeijua atautafuta ukuta wa jiwe uliochongwa na mitambo, kisha majani membamba ya mvinje yaliyotanda ardhini, kisha jongoo mwenyewe. Picha tatu hizo zikipangwa kwa utaratibu huo, zaeleza jambo ambalo mwalimu angetumia kipindi kizima kulieleza ubaoni.

Bustani hiyo pia ndiyo iliyotoa mojawapo ya picha za Pwani ya Kenya zilizozunguka ulimwengu. Mnamo Desemba 2004, kiboko mchanga aliyetenganishwa na kundi lake alikwama baharini karibu na Malindi wakati wa tsunami. Wakazi walisaidia kumnasua, naye akaletwa Haller Park na kupewa jina la Owen. Huko aliandamana na kobe mkubwa wa aina ya Aldabra, aitwaye Mzee, aliyekadiriwa kuwa na umri wa miaka 130 hivi. Picha za wawili hao wakilala bega kwa bega zilipigwa na Peter Greste, na mapema 2005 zilikuwa zimechapishwa katika mataifa mengi. Msichana wa Marekani mwenye umri wa miaka sita, Isabella Hatkoff, aliona mojawapo gazetini. Yeye na babake Craig, pamoja na mwanasayansi Mkenya Paula Kahumbu, wakaandika kitabu kilichochapishwa mwaka wa 2006 kikiwa na picha za Greste.

Picha hizo hazikutegemea ujanja wa tarakilishi. Zilitegemea mtu aliyejua kwamba tukio lile si la kawaida, akasubiri.

Tatizo la kwanza atakalokabiliana nalo mwanafunzi ni jua. Mombasa iko takriban digrii nne kusini mwa Ikweta, na adhuhuri jua huwa karibu utosini mwaka mzima. Ziara za shule nazo huwa kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, yaani saa zile zile ambazo wapigapicha wa kulipwa huzikwepa. Mwanga unaotoka juu moja kwa moja hutia giza chini ya nyusi na chini ya pua, hata uso wa mtoto mwenye furaha ukaonekana kama wa mgonjwa.

Dawa yake si kamera ghali. Wanafunzi wasogezwe chini ya mti, ukingoni mwa kivuli, wakielekea upande wenye nafasi wazi. Mwanga wa hapo ni laini na huingia machoni. Ni vyema pia kuepuka sehemu ambapo majani huchuja jua na kuacha madoa meupe usoni, kwa maana hakuna programu itakayoyaondoa madoa hayo bila kuuharibu uso wenyewe.

Tatizo la pili hutajwa kwa nadra, ilhali ndilo linaloharibu picha nyingi zaidi za shule za Pwani. Kamera haijui inaangalia nini. Hupima mwanga wote uliomo katika fremu na kujaribu kuufikisha kiwango cha wastani. Darasa lililovaa mashati meupe likisimama mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, kamera hudhani kuna mwanga mwingi mno, ikapunguza. Mashati hutoka ya kijivu na nyuso za watoto weusi hutoka kama vivuli. Kwenye simu nyingi za kisasa, kuugusa uso wa mtu kwenye skrini kabla ya kupiga huilazimisha simu ipime mwanga wa hapo. Kisha mpigapicha anaweza kuongeza mwangaza kidogo kwa kidole.

Kasoro hiyo ina mizizi katika historia. Kwa miongo kadhaa, maabara za kusafishia filamu katika nchi za Magharibi zilirekebisha rangi kwa kulinganisha na kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, ambayo mafundi waliiita Shirley. Ngozi nyeusi haikuwa sehemu ya kipimo. Lawama hizo ziliendelea hadi enzi ya simu. Ndiyo maana mwaka wa 2021 kampuni ya Google ilipozindua simu ya Pixel 6 ilijinadi kwamba imerekebisha kamera yake ili ionyeshe ngozi nyeusi ipasavyo. Mwanafunzi wa Mtopanga aliye na simu ya bei nafuu hana budi kufanya marekebisho hayo kwa mkono wake.

Baada ya safari huja uhariri, na hapa ndipo vijana wengi huvutiwa zaidi. Programu ya Photoshop ilianza kuuzwa na Adobe mnamo 1990, na kwa muda mrefu bei yake iliwaweka wengi nje. Leo GIMP hupatikana bila malipo kwa tarakilishi, nayo Snapseed hupatikana bila malipo kwa simu. Kujifunza hakuhitaji zana zote. Mwanzoni yatosha kunyoosha mstari wa upeo wa macho uliopinda, kukata kingo zenye vitu visivyohusika, kuinua vivuli, kupunguza sehemu zilizoungua kwa jua, na kurekebisha rangi. Hili la mwisho lina umuhimu wa pekee katika msitu wa mvinje, kwani mwanga unaopita katika majani huzipaka nyuso rangi ya kijani.

Kanuni isiyo na mjadala ni kutoihariri picha asili. Mwanafunzi atengeneze nakala, afanye kazi katika nakala hiyo, na aihifadhi ya kwanza jinsi ilivyotoka katika kamera. Kila faili ya JPEG inapofunguliwa, kubadilishwa na kuhifadhiwa upya hupoteza sehemu ya maelezo yake, na hasara hiyo hairudishwi.

Lakini mpaka wa uhariri uko wapi? Katika vyumba vya habari mpaka huo umechorwa waziwazi: mwangaza na rangi vyaweza kurekebishwa kwa kiasi, kitu hakiongezwi wala hakiondolewi. Mnamo Agosti 2006 shirika la habari la Reuters lilikatiza uhusiano na mpigapicha mmoja wa kujitegemea baada ya kugunduliwa kwamba alikuwa ameuongeza moshi katika picha ya Beirut. Shirika hilo liliondoa picha zake zote 920 katika hifadhi yake, zikiwemo zile ambazo huenda hazikuwa na dosari.

Adhabu hiyo yaweza kuonekana kali, ila mantiki yake ni rahisi. Msomaji akidanganywa mara moja hana njia ya kujua ni mara ngapi nyingine amedanganywa.

Mtu anaweza kuuliza iwapo kanuni ya Reuters yamhusu mtoto wa shule. Jibu linategemea ahadi iliyotolewa kwa mtazamaji. Mombasa yenyewe ina mfano mzuri. Katika miaka ya 1990, wapigapicha waliokuwa na vibanda karibu na kivuko cha Likoni waliwapiga wateja picha mbele ya mapazia yaliyochorwa meli, ndege na majumba ya kifahari. Mwanaanthropolojia Mjerumani Heike Behrend aliwachunguza na kuandika juu yao. Mteja aliyesimama mbele ya meli iliyochorwa hakudanganyika, wala jamaa aliyetumiwa picha hiyo bara hakudanganyika. Pazia lilionekana kuwa pazia. Ilikuwa ndoto iliyokubaliwa na pande zote.

Picha ya ziara ya darasa haina pazia. Inasema: tulikuwa hapa, sisi hawa, siku hii. Mwanafunzi anayemwondoa mwenzake kwa kidole kwa sababu wamekosana, au anayemwingiza aliyebaki nyumbani kwa kukosa nauli, amebadilisha ushahidi huo, hata kama nia yake katika hali ya pili ni njema. Zana za akili unde zilizomo katika simu za siku hizi hufanya jambo hilo kwa sekunde chache, pengine bila mtumiaji kutambua uzito wake. Akitaka kumkumbuka aliyekosa safari, aandike jina lake katika maelezo ya picha ya darasa. Maelezo hayo, yenye tarehe, mahali na majina kutoka kushoto kwenda kulia, husahaulika sana, ilhali bila hayo picha hugeuka fumbo mara tu darasa linapotawanyika.

Majina hayo, hata hivyo, yafaa kubaki katika albamu ya shule. Yakitoka nje pamoja na picha, sheria huingia. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka wa 2019 inakataza kushughulikia data ya mtoto bila idhini ya mzazi au mlezi, na picha inayomtambulisha mtoto ni data yake. Matumizi ya mtu binafsi ya nyumbani hayaguswi. Shule inapotumia picha za ziara kujitangaza huwa imevuka mpaka huo. Mnamo Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza faini ya Sh4.55 milioni shule moja ya Uthiru kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi.

Kiasi hicho kingenunua kamera za kutosha kila shule ya Mtopanga, na zingebaki. Fomu ambayo mzazi hutia sahihi kumruhusu mwanawe kusafiri yaweza kuongezwa swali moja kuhusu picha, na mwanafunzi mpigapicha apewe mapema orodha ya wale ambao wazazi wao wamekataa. Hao hawahitaji kutengwa. Wanaweza kupigwa kwa nyuma wakitazama kiboko, au mikono yao ikimlisha twiga, na mara nyingi picha za namna hiyo huwa bora kuliko safu ya nyuso zilizoamriwa kutabasamu.

Kuna jambo moja la kiufundi ambalo hata walimu wengi hulipuuza. Ndani ya faili ya picha hufichwa tarehe, saa, aina ya simu na, iwapo huduma ya mahali imewashwa, pahali penyewe picha ilipopigiwa. Picha ikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, taarifa hizo huondolewa, lakini picha nayo hubanwa na kupoteza ubora. Ikitumwa kama hati hubaki na ubora wake wote pamoja na siri zake zote. Kwa albamu ya kuchapishwa, njia ya pili ndiyo inayofaa, na huduma ya mahali izimwe kabla ya basi kutoka langoni.

Uchapishaji wenyewe usicheleweshwe. Simu huibwa na kadi za kumbukumbu huharibika. Picha ishirini zilizochaguliwa kwa makini, zikachapishwa katika studio ya mtaani na kubandikwa katika daftari gumu lenye maelezo ya wino, zitasomeka hata kama simu iliyozipiga haitawaka tena.